Mzee "Kampala" wa Handeni Anadai Mstari Mmoja

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana mjini Korogwe, siku chache kabla ya Siku ya Mashujaa, Julai 25. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)

Vijana wenzangu mliopo hapa, na wewe utakayeyasoma haya gazetini ukiwa kijiweni unangoja abiria, nipeni dakika chache. Sikuja kuzungumza habari za wakubwa. Nimekuja kuwaeleza habari za mzee mmoja ambaye mimi mwenyewe nilimcheka.

Kule Handeni kuna mzee tunamwita Kampala. Si jina lake. Tulimbandika sisi kwenye benchi la kahawa, kwa sababu kila maongezi yakifika kwenye vita yeye husema, "Mimi niliingia Kampala." Siku moja mwenzetu akamwuliza, "Uliingia na basi la saa ngapi?" Tukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti kubwa. Nakiri.

Tulicheka kwa sababu hakuwa na kitu cha kutuonyesha. Wewe umekwishawaona wazee wengine Siku ya Mashujaa, wamevaa koti, kifua kinametameta. Ukihudhuria mazishi ya afisa mstaafu utasikia wasifu ukisomwa: Medali ya Vita, Medali ya Kagera, Miaka 20 ya JWTZ, Utumishi Mrefu. Zinatajwa moja moja na watu wananyamaza. Mzee Kampala siku hiyo hukaa na kanzu yake, kifua kitupu, halafu anarudi nyumbani kulisha kuku.

Mwaka jana alinijia na bahasha ya kaki. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Wewe macho yako bado mazima. Nisomee mstari wa nne." Ndani mlikuwa na cheti chake cha kumaliza utumishi, kimekunjwa mpaka kimepasuka kwenye mikunjo. Mstari wa nne ulikuwa wa tarehe ya kuandikishwa. Nikasoma: Julai 1979.

"Umeona?" akaniuliza. Sikuona kitu. Ndipo akaniambia nihesabu.

Basi hesabu na wewe. Majeshi ya nduli Iddi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Mapema Juni vijana wetu walikuwa wamefika mpakani upande wa West Nile, vita imekwisha. Sasa mtu aliyeandikishwa Julai alipigana vita gani? Kwa karani aliye mbele ya faili hiyo ni hesabu nyepesi kabisa: huyu hakuwepo, medali ya nini? Na karani hatakuwa amesema uongo. Amesoma kilichoandikwa.

Nilipoona hivyo, nami nikaanza kumtilia shaka zaidi. Nikasema moyoni, kumbe hata jeshi lenyewe limemkana. Nikamwambia, mzee, hebu nieleze ulipopita.

Akaeleza. Mwaka 1978 alikuwa na miaka ishirini. Kwao Handeni, lakini alikuwa akikata mkonge hapa Korogwe, kama walivyofanya Wazigua wengi wa rika lake. Alikuwa amepata mafunzo ya mgambo. Mikoa ilipotakiwa kutoa watu, akachukuliwa akiwa shambani, si akiwa kwao. Hilo likumbuke, maana ndilo litakalomletea taabu baadaye. Mkumbuke pia ukubwa wa zoezi lenyewe. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba jeshi letu lilitoka kama watu 40,000 likafika 150,000 kwa miezi michache, na mgambo peke yao walikuwa kama 40,000. Watu wengi hivyo wameandikwa kwa haraka, kwa mkono, kwa taa ya chemli, jina la mtu likitamkwa Kizigua na kuandikwa na mtu wa kabila lingine. Ni ajabu kwamba yako majina yaliyoandikwa sawasawa.

Akanitajia Kyaka, Mutukula, Masaka. Nikawa natikisa kichwa tu. Majina hayo kila mtu huyapata redioni. Halafu akafika Lukaya, akanyamaza. Akasema, "Pale, mwanangu, tulikimbia."

Ndipo nilipomwamini.

Niambie wewe, umepata kumsikia mwongo wa kijiweni akisema alikimbia? Mwongo siku zote aliua kumi. Na alichosema mzee kimo katika historia ya vita hiyo. Machi 10, 1979, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, wengi wao hawajapata kuonja vita, ilikuwa Lukaya kwenye kinamasi, barabara ya kwenda Kampala. Jioni ile Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaimiminia maroketi. Vijana wakatawanyika. Usiku uleule Brigedi ya 208 ikaamriwa kuzunguka kinamasi ikatokee nyuma ya adui. Waliotawanyika wakakusanywa na kupangwa upya, wakarudishwa mbele. Wakarudi, Lukaya ikachukuliwa. Kijana wa miaka ishirini, mkata mkonge, jana amekimbia maroketi na leo anaelekezwa kulekule, anakwenda. Mimi na wewe tungekwenda? Mimi sijui.

Anasema baada ya usiku ule hakuiona tena kombania yake ya kwanza. Alipangiwa wengine, akaendelea nao mpaka Kampala na zaidi. Vita ilipokwisha wakapangwa foleni, karani akafungua daftari jipya, akaandika tarehe ya siku ile. "Weka sahihi hapa." Akaweka. Alikuwa anataka kurudi nyumbani, nani angesoma mstari wa nne?

Miaka ikapita. Mnaikumbuka miezi 18 ya kufunga mkanda, au wazee wenu wanaikumbuka. Ikawa miaka mingi ya kufunga mkanda. Mtu anatafuta unga wa kulisha watoto, hatafuti medali. Ilipofika zamu ya kutafuta, alikuwa na mvi.

Hapo ndipo danadana ilipoanza. Akaenda ofisi moja ya Handeni, sitaitaja. Akaambiwa, mzee, wewe ulichukuliwa Korogwe, nenda Korogwe, orodha zako ziko kule. Akapanda basi. Korogwe, ofisi nyingine, nayo sitaitaja, wakamtazama kitambulisho wakasema, mzee, wewe ni mtu wa Handeni, rudi kwenu wakuandikie barua. Akarudi. Aliyetakiwa kuandika barua yuko safari. Njoo Jumatatu. Jumatatu masijala imefungwa, funguo ziko na mtu aliye likizo. Ukiipiga ramani njia ya Handeni na Korogwe utaona ni kipande kifupi tu. Mzee huyu ameitembea kwa nauli ya kuku. Kila safari ni jogoo mmoja.

Naomba kidogo niwatoe kwenye bahasha ile, maana njia hii ya Korogwe na Handeni imekwishaona haya mara moja. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka na reli mpaka Korogwe, yakaingia Handeni, yakiwafukuza Wajerumani. Nyuma ya kila askari palikuwa na wapagazi: watu wetu, mzigo kichwani, malaria na kuhara vikiwaangusha kuliko risasi. Waingereza waliwaita Carrier Corps. Wewe wa Dar es Salaam unayeuza simu Kariakoo, jina la mtaa wako limetoka hapo, kwa wapagazi hao. Na ile Sanamu ya Askari unayoizunguka ukienda Posta, iliyowekwa 1927, imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili kuwakumbuka askari na wapagazi. Isogelee siku moja utafute jina la mtu. Hakuna hata moja.

Haikuwa kusahau kwa bahati mbaya. Gavana wa Tanganyika wa miaka ya mwanzo ya 1920 aliona afadhali makaburi ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Ikachukua miaka mia. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikatoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ona tofauti ya hesabu hizo mbili. Mtu anayepoteza ng'ombe hutaja idadi. Hawa walipoteza watu na hawajui kama ni laki moja au laki tatu na nusu, kwa kuwa daftari halikuwekwa.

Upande wa Wajerumani nako kuna kisa kinachosimuliwa, nami nakipenda. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck malimbikizo yao ya mishahara. Wazee kama 350 wakajitokeza Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti vya 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare, wengine mikono mitupu. Mlipaji akakwama: nani mkweli? Basi, inasimuliwa, akamwita mzee mmoja mmoja, akampa ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Mzee akishika ufagio kama bunduki na kutii amri, analipwa. Inasemekana hakuna aliyeshindwa.

Siwaambii ofisi zetu zinunue mifagio. Nasema yule Mjerumani alipoona karatasi haipo hakumwambia mzee "njoo Jumatatu". Alitafuta njia nyingine ya kuujua ukweli. Mzee Kampala ufagio wake ni Lukaya. Mtu anayejua vita ile akimwuliza maswali matano, atajua.

Na msidhani medali yenyewe ingemaliza ubishi. Wazee wetu wa KAR waliokwenda Madagaska na Burma katika vita ya pili walipewa nyota ambazo hazikuchongwa majina. Medali za vita ya kwanza zilichongwa ukingoni namba, cheo na jina; zile za pili tupu. Mjukuu akiirithi leo, anaweza kuambiwa babu yako aliinunua mnadani. Chuma hakisemi. Daftari ndilo linalosema, na mzee wa Handeni kalielewa hilo kuliko sisi tuliosoma. Hakuniuliza habari za pesa hata mara moja. Alisema, "Mimi nataka waandike Novemba. Wakishaandika Novemba, hayo mengine watajua wenyewe."

Tukakaa siku tatu kuandika barua. Rasimu ya kwanza niliandika mimi, ikawa hotuba: uzalendo, damu, jasho. Akaniambia nichane. Kweli, nikachana. Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Namba yake ya jeshi juu kabisa, kabla hata ya jina, maana jina linapotea lakini namba hutafutwa. Jina kama lilivyo kwenye cheti, halafu kama lilivyo kwenye kitambulisho, na maelezo kwamba wote ni mtu mmoja, na hati ya kiapo ya kuthibitisha hilo. Kombania ya kwanza, kombania ya pili, na lini alihama. Kiongozi wake wa platuni, kwa jina analolikumbuka. Wenzake wawili walio hai, mmoja yuko Mombo, mmoja Mkata, wakaandika kwa mkono wao walikokuwa naye. Mwishoni ombi: mstari wa nne usahihishwe, na medali alizostahili waliopigana ziangaliwe upya. Basi. Hakuna kulia, hakuna kutukana. Kwa mimi niliyezoea kuandika kwenye magazeti kama haya, kutotukana kulikuwa kazi.

Tukaanzia kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, kama inavyotakiwa, nakala nyingine tukaituma Makao Makuu kwa rejista, Posta ya hapa Korogwe. Risiti anayo. Juzi benchini mtu akamwita "Kampala" kwa mzaha wa siku zote. Mzee akaitoa ile risiti, akaiweka mezani kando ya kikombe, hakusema neno. Yule jamaa akaisoma, akamwagizia kahawa.

Jibu halijaja. Kati ya wale mashahidi wawili, wa Mombo amelazwa. Ndiyo maana nimesimama hapa leo. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule sasa ana zaidi ya sitini na mitano, na viongozi wao wa platuni ni wakubwa kuliko hivyo. Faili inaweza kungoja kabatini. Shahidi hangoji.

Sasa, Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi tutakaa hapahapa. Karatasi na kalamu tutaleta sisi. Kama una babu, baba au jirani aliyekwenda Kagera na faili lake lina kasoro, mlete, awe wa Handeni, wa Korogwe, wa popote. Alete cheti chenyewe. Tutatoa kivuli, chenyewe arudi nacho nyumbani, asimwachie mtu yeyote, hata mimi. Na kabla hujamleta, mwulize namba yake ya jeshi. Ataitaja bila kufikiri.