Haki Huanza Siku Kitu Kinapobuniwa



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wanajumuiya, tumekutana hapa Hanga, ambapo wamonaki Wabenediktini wanaishi kwa sala na kazi tangu 1957, ili tutafakari jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia mafundi na wenye viwanda, yaani namna vitu vinavyobuniwa. Tunaliita jambo la haki kwa sababu kila kitu kilichokwisha kutumika huangukia mlangoni mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni maskini.

Tuwatazame kwanza jirani zetu. Katika milima ya Mbinga, Wamatengo wamelima kwa ngoro kwa zaidi ya miaka mia moja. Mvua zinapoelekea kwisha hufyeka majani, huyapanga katika miraba juu ya mteremko, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Hivyo hupatikana matuta yanayozunguka shimo. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu mwingine wa mvua ukifika, mahindi. Shimo huyazuia maji yasiporomoshe udongo bondeni. Majani yaliyofunikwa huoza yakawa mbolea, na magugu yaliyopaliliwa hutupwa shimoni yakaoze humo.

Tuone hekima iliyomo. Mkulima hakungoja udongo uishe ndipo atafute dawa. Kabla ya kuinua jembe alikwisha kuamua majani yataishia wapi na maji yatapita wapi. Hiyo ndiyo maana ya uchumi wa mzunguko: kitu kibuniwe tangu mwanzo ili mwisho wake uwe mwanzo wa kingine. Hatusemi kazi hiyo ni nyepesi. Uchimbaji wake umewaelemea hasa akina mama, na hilo nalo ni suala la haki.

Chupa ya soda ya kioo nayo ilibuniwa kwa hekima kama hiyo. Mnunuzi huja na chupa tupu ndipo apewe iliyojaa. Ile tupu hurudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa tena. Chupa ya plastiki, ambayo leo imejaa madukani, haikuandaliwa njia ya kurudi. Gharama ya kuishughulikia haikuondoka, ilihamishwa tu. Inalipwa na mama anayefagia uwanja, na mtoto anayevuta moshi takataka zinapochomwa nyuma ya nyumba.

Sheria ni ya lazima, lakini haitoshi. Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, nasi tukaona vikapu vikirudi sokoni. Muda si mrefu, vifungashio vyepesi vya plastiki vikaanza kutumiwa kama mifuko. Kitu kimoja kikiondolewa bila kubadilika nia ya anayebuni na mazoea ya anayenunua, kingine hushika nafasi yake.

Wengine watasema kwamba mafundi wetu hugeuza tairi kuukuu kuwa katambuga na makopo kuwa koroboi. Tunawaheshimu sana. Hata hivyo, wao huokoa vitu vilivyobuniwa bila kuwafikiria. Redio iliyogundishwa pande zote, hata fundi hodari haifungui bila kuivunja. Aliyeiuza amekwisha kupata faida yake. Aliyeinunua kwa fedha ya mahindi amebaki na takataka. Haki inadai vitu vinavyofunguka, na vipuri vinavyopatikana kwa bei ya mwananchi.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya juu ya utamaduni wa kutupa, akaonyesha kwamba katika uumbaji mabaki ya kiumbe kimoja hulisha kingine, na viwanda vyetu havijajifunza hivyo. Naye Bwana wetu, baada ya kuwashibisha maelfu, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe. Aliyeweza kuzidisha mikate hakuona aibu kutunza mabaki.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ichange ipate sahani na vikombe vya pamoja vya kuazimana wakati wa sherehe na misiba, badala ya vile vya kutupa. Pili, vijana wetu wanaojifunza ufundi wazoezwe kujiuliza kabla ya kukata ubao au bati: kikiharibika kitatengenezwaje, na kikiisha kitakwenda wapi? Tatu, walei walio katika serikali za vijiji waulize swali hilohilo kila mradi mpya unapoletwa, kabla ya kuupitisha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa takataka hauanzii jalalani. Unaanzia mezani pa yule anayebuni. Tuufuate mpaka hapo.

Mungu awabariki.