Mlango wa Kliniki Usimwulize Mtu Ametoka Kijiji Gani

Hotuba kwa familia zilizohama na viongozi wa Bendera, Kalemie, mkoa wa Tanganyika



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya silaha, mashamba na mapatano. Leo tunataka kuzungumza juu ya kliniki, hasa kliniki inayotibu magonjwa ya akili na ulevi. Labda mtatuuliza: kliniki na amani vinahusianaje?

Tangu mwaka 2013, na kwa ukali zaidi tangu 2016, mapigano kati ya Batwa na Baluba yaliwatoa watu wengi katika vijiji vya mkoa huu. Wengine walikimbia vita vya upande wa Fizi. Mwaka 2025 watu wengi wa Kivu Kusini walikimbilia Kalemie. Nyumba iliyoungua hujengwa tena, lakini aliyeona ndugu zake wakiuawa hubaki na moto ule ndani yake. Halali, hushtuka ovyo, hukasirika ghafla. Wengine hutafuta usingizi katika lutuku au bangi. Halafu jioni moja vijana wawili wanagombana penye pombe. Mmoja ni Mtwa, mwingine ni Mluba. Kufika asubuhi ugomvi si wa vijana wawili tena, ni wa jamii mbili. Ndiyo sababu tunasema kwamba kumtibu mlevi na aliyevurugika akili ni kazi ya amani.

Lakini si kila nyumba yenye kibao cha kliniki inaponya. Ziko nyumba ambamo mgonjwa hufungwa minyororo. Ziko nyingine ambamo mhamishwa huambiwa arudi kwao akatibiwe huko. Kwa hiyo panahitajika kipimo, yaani masharti ambayo kituo lazima kiyatimize kabla ya kuthibitishwa. Na kipimo hicho hakiandikwi mara moja tu kikaachwa. Ninyi watu wa Bendera mna mitambo ya umeme inayoangaza Kalemie. Mnajua kwamba mtambo usiokaguliwa husimama siku moja na kuacha mji gizani.

Tuwape mfano wa mbali. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2014 ilifungua njia ya kuthibitisha kliniki za jamii za afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya. Masharti yake yalitolewa mwaka 2015, yakarekebishwa Machi 2023. Sisi hatuna fedha zao. Hata hivyo, baadhi ya masharti yale hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji uamuzi. Tumechagua manne.

Kwanza, mgonjwa asikataliwe kwa sababu hana pesa, wala kwa sababu hana makazi ya kudumu. Sharti hili liliandikwa kwa ajili ya watu wa Marekani, lakini linatufaa sana hapa. Hata Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu wahamishwa, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 19 kwamba mhamishwa mgonjwa apewe matibabu bila ubaguzi, na inapohitajika apate pia msaada wa kisaikolojia na kijamii. Basi Mtwa, Mluba, Mbembe, mwenyeji na mgeni wapange mstari mmoja. Na mstari mmoja penye dawa ni mwanzo wa mazungumzo.

Pili, muda ujulikane. Kwa masharti yale, mwenye hatari kubwa anahudumiwa papo hapo, mwenye haja ya haraka anapimwa ndani ya siku moja ya kazi, na wengine ndani ya siku kumi za kazi. Hapa kwetu barabara ya mvua ina sheria zake. Lakini kituo kinaweza kutangaza siku na saa, na kutaja mtu wa kuitwa usiku mtu anapotaka kujiua.

Tatu, akili na ulevi vitibiwe chini ya paa moja. Mara nyingi mlevi huambiwa, "Acha pombe kwanza, ndipo urudi." Maneno hayo yanaweza kuua. Mtu anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege na kufa. Msimfungie chumbani ili aache, mpelekeni kwa mganga. Kwa sehemu zisizo na madaktari bingwa, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango unaoitwa mhGAP. Mwongozo wake wa 2010 unamwonyesha nesi wa kawaida jinsi ya kutibu huzuni kali, kichaa, kifafa na ulevi. Nao ulirekebishwa mwaka 2016, na mapendekezo mapya yalitolewa 2023, yakiongeza magonjwa ya wasiwasi. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba bila daktari wa Lubumbashi au Bukavu hakuna kinachowezekana.

Nne, wagonjwa na familia zao wawe na sauti katika uendeshaji. Mwenye kidonda ndiye ajuaye kinapomuuma. Aliyepona lutuku ajua maneno ya kumwambia aliye bado ndani yake. Mama aliyemlea mwana mgonjwa kambini ajua kituo kinakosea wapi.

Kwa manne haya tunaongeza la tano, ambalo Shirika la Afya Duniani lililiweka katika kipimo chake kiitwacho QualityRights mwaka 2012: asiwepo mgonjwa wa kupigwa, kufungwa wala kudhalilishwa. Tunawaomba hasa viongozi wa dini. Ombeeni wagonjwa, ni haki yenu na ni faraja kwao. Lakini mnyororo ufunguliwe, na dawa ya kifafa isikatizwe kwa sababu ya maombi.

Sasa, ndugu zetu, tufanye nini? Vipimo vya taifa huandikwa mbali. Lakini kila eneo la afya lina kamati yake ya maendeleo, CODESA, ambayo ni daraja kati ya wananchi na kituo. Machifu, hakikisheni kwamba katika kamati hiyo wamo wahamishwa, wamo Batwa, wamo wanawake. Kamati za wahamishwa, leteni masharti haya matano mezani kwa heshima, muulize pamoja na nesi mkuu: lipi tunalitimiza, lipi bado, nani atalishughulikia, lini tutakutana tena? Yaandikwe katika daftari, yasomwe baada ya miezi mitatu. Nesi asionekane mshitakiwa. Mara nyingi naye amechoka, hana dawa, na pengine yeye mwenyewe alikimbia vita. Daftari lenu litamsaidia kudai dawa kwa wakuu wa zoni ya afya.

Nanyi familia, msimfiche mgonjwa wenu. Kichaa si aibu ya ukoo, na mlevi si mtu aliyekwisha. Yule anayezungumza peke yake kando ya barabara ni mwana wa mtu, na bado anajua jina lake. Mwiteni kwa jina hilo, kisha mwongozeni hadi mlangoni pa kituo. Na sisi sote tuhakikishe kwamba pale mlangoni swali la kwanza litakuwa, "Unaumwa wapi?"

Amani iwe katika nyumba zenu, na hata mahali ambapo leo nyumba ni turubai tu.