Kiti cha Mwalimu Anayestaafu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Nachingwea na Ruangwa)

 Nasema juu ya walimu wazee wanaokaribia kupumzika, na vijana wanaongoja kazi.

Twasikia vijana wakinong'ona, "Wazee wametukalia viti." Nao wazee hujibu, "Tuondoke twende wapi?" Nasema kwa heshima kwamba pande zote mbili zabisha hodi mlango usio wenyewe. Natutazame hesabu.

Kwanza, sheria yamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na yamlazimu akifika 60. Mbona wengi hawaondoki mapema? Kishawishi kilikuwa kiinua mgongo. Zamani watumishi wengi wa Serikali walipewa nusu ya haki yao kwa mkupuo. Mwaka 2018 mifuko iliunganishwa, ukazaliwa PSSSF, na kanuni mpya ikataka mkupuo uwe asilimia 25. Malalamiko yakazidi, hata Rais Magufuli akaisitisha Desemba mwaka ule ule. Tangu Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33, na mwaka 2024 wale waliokuwa wakipata nusu wakapandishiwa hadi 40. Basi mkupuo ndio uezekao nyumba na kununua shamba la mikorosho. Ukipungua, mzee hukaa kazini hata siku ya mwisho. Hiyo si choyo.

Pili, hata mzee akiondoka leo, kijana haingii kesho. Mshahara wa mwalimu hautoki katika fungu la shule. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku iliyopangwa kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Shule yenye watoto 400 ni shilingi 4,000,000, na humo hutengwa sehemu ya vitabu. Zinazobaki ni za chaki, mitihani na matengenezo. Haziwezi kuajiri mtu. Mshahara watoka Hazina, na kiti hakijazwi ila kwa kibali. Ndiyo maana wazazi, waonapo darasa halina mwalimu, huchanga wenyewe wampe chochote kijana wa kujitolea.

Nao vijana ni wengi mno. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walioomba kazi ya ualimu walizidi 200,000, na nafasi hazikufika 15,000. Hata wazee wote wa wilaya zetu mbili wakistaafu leo, bahari hiyo haikaushwi kwa kata.

Je, sisi makarani tuna nini mkononi? Tuna kalamu na jalada. Kustaafu si msiba wa ghafula. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa. Mwalimu aliyezaliwa mwaka 1970 atatimiza miaka 60 mwaka 2030, nasi twajua leo. Kila mwaka halmashauri huandika ikama, yaani hesabu ya watumishi waliopo na wanaotakiwa, kabla ya bajeti ya Julai. Jina la mstaafu likisahauliwa humo, kibali cha ajira mbadala hakiombwi, kiti hubaki kitupu, na anayelipa gharama ni mtoto wa kijijini.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila mmoja wetu aandike orodha ya watakaostaafu katika miaka mitano ijayo, shule kwa shule na somo kwa somo, ili ombi la mbadala litangulie kabla kiti hakijawa wazi. Tena, jalada la mzee litengenezwe mapema, asije akasumbuka akifuata haki yake kwa nauli ya kukopa.

Hapa Nachingwea tumeachiwa fundisho. Mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ulimeza mamilioni ya pauni, kwa kuwa hesabu iliandikwa mbali bila kuuliza udongo. Hesabu ya walimu nayo ikiandikwa bila kuuliza shule, tutavuna yale yale. Sisi tulio karibu na shule ndio wa kuuliza.

Mzee aondoke kwa heshima, kijana aingie kwa haki, na mtoto asikae darasani peke yake.