Bwana Büchner na Eropleni Yake



Tumeombwa tuseme habari za eropleni ya kwanza kufika katika mji wetu huu, nasi twaona haifai kukitaja chombo tukamwacha mwenyewe, maana mwenyewe ndiye ajabu zaidi.

Jina lake Bruno Büchner, Mdachi, aliyezaliwa mwaka 1871. Kwanza alishindana mbio za baiskeli, kisha za motakari. Na hizo zisipomtosha, akajifunza kuruka, naye amekwisha kuwa mtu wa makamo, umri ambao wenzake walitafuta viti vya kuegemea. Eropleni yake, kazi ya kiwanda cha Pfalz, ilikuwa mbao, nguo na nyaya, mabawa mawili moja juu ya jingine, na injini nyuma ya mgongo wa rubani. Chombo cha namna hiyo kikianguka kwa kichwa, injini humjia mwenyewe. Atakayemwita Bwana Büchner mwenda wazimu, sisi hatutamkataza.

Mwaka 1914 alikuwa Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi iitwayo leo Namibia, akichukua barua kwa njia ya hewa. Kutoka huko chombo kikapakiwa melini kuja Dar es Salaam. Serikali ya Wadachi ilikuwa imeandaa maonyesho makubwa mwezi wa Agosti, kwa kuwa reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika Kigoma, na eropleni ilikusudiwa iwe tamasha la watu kutazama.

Tamasha halikuwa. Vita viliingia mwezi ule ule, na tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ikaupiga mizinga mtambo wa simu ya upepo. Chombo kilicholetwa kufurahisha watu kikafanywa cha upelelezi. Bwana Büchner akajeruhiwa akiruka. Eropleni ikatengenezwa, akapewa Luteni Henneberger; ikaanguka naye, akafa. Basi, hiyo ndiyo habari yote ya eropleni ya Wadachi katika nchi hii: moja tu, na ya pili haikuja.

Mwenyewe alirudi kwao. Yeye na mkewe wakawa na nyumba ya wageni katika milima ya Obersalzberg, na mmoja wa wageni wao alikuwa Hitler. Ujirani huo haukumfaa: mwaka 1936 watu wa chama cha Hitler waliitwaa nyumba ile. Alifariki mwaka 1943.

Jina lake limeandikwa vitabuni, nasi hatumwonei wivu. Lakini vita vile, hapa kwetu, havikuchukuliwa na mabawa. Vilichukuliwa na vichwa na mabega ya wapagazi, maelfu kwa maelfu, wengi wao wakafa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kilipiga kambi penye jengo la soko lililojengwa na Wadachi. Midomo ya watu wetu ikalifanya neno lile Kariakoo. Kila anunuaye mchicha pale huwataja, ingawa hajui kwamba awataja. Na jina la hata mmoja wao halikuandikwa ukutani.

Kwa hiyo twaomba hivi: mwanachama ambaye babu yake au babu wa babu yake alikuwa mpagazi, na jina lake lingali lakumbukwa nyumbani, aliandike pamoja na kijiji alichotoka, ampe Katibu kabla ya mkutano ujao.