Lulu za Kufugwa na Pambo Lizifaalo

Wasikilizaji waadhamu wa Hanga, bahari ingawa i mbali nanyi, mtakapo kumnunulia binti kidani cha arusi jueni kwamba lulu ziuzwazo leo karibu zote ni za kufugwa, nazo si za namna moja. Ile ya maji baridi itokayo China aghalabu ni lulu tupu hata kiini chake, na bei yake ni nafuu. Akoya ya Ujapani ina mng'aro mkali, ila ndani mna punje ya kombe, na utando wa lulu unaoifunika punje hiyo ukiwa mwembamba huchakaa upesi.

Mimi nazipenda zaidi nusu-lulu za Unguja, ambazo akina mama wa ghuba ya Menai, huko Fumba na Bweleo, huzikuza kwa kugandisha kitufe ndani ya kombe la chaza aliye hai, wakasubiri miezi mingi hata kifunikwe kwa utando wenye rangi za ajabu. Kwa kuwa upande mmoja ni bapa, hazifai kutungwa uzini. Sonara azipachike katika pete au herini.

Kabla ya kulipa, isugueni lulu taratibu kwenye jino: iliyo halisi hukwaruza kidogo, plastiki huteleza. Nayo lulu ivaliwe baada ya kujipaka marashi, kwani manukato na jasho huiharibu.