Msimcheke Anayejaribu

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Biashara mpya inataka mwenye kujua hesabu, mwenye kujua soko, na yule mwenye maswali mengi.

Tuangalie M-Pesa. Mwaka 2005 ilijaribiwa Nairobi na Thika, watu walipie mikopo ya Faulu kwa simu. Lakini wao wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wahusika hawakuwakemea, walifuata walichoona. Machi 2007 ikafunguliwa kwa wote, kazi yake kutuma pesa nyumbani.

Basi, mama mmoja akijaribu kusuka kiondo kwa namna nyingine, msimcheke. Mkimcheka leo, kesho atanyamaza. Mpeni mtaji kidogo ajaribu, na faida ikija apate sehemu yake.