Dawa ya Usingizi na Kiwewe cha Vita

Msikilizaji, ngozi ya askari aliyeungua vitani hupona, lakini majinamizi na hofu vinaweza kumwandama kwa miaka. Hicho ndicho kiwewe.

Mwaka 2008, watafiti wa jeshi la Marekani huko Texas walichapisha matokeo ya askari 147 waliojeruhiwa kwa moto. Kati ya waliopewa dawa ya usingizi ya ketamini wakati wa upasuaji, asilimia 27 walionyesha kiwewe. Kati ya wasiopewa, asilimia 46. Utafiti uliofuata mwaka 2014 haukuona tofauti hiyo, hivyo ketamini si kinga iliyothibitishwa.

Dalili zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, mpeleke mgonjwa kwa daktari. Kiwewe si woga. Ni maradhi, na yanatibika.